Mama Mashine na Kura ya Debe Moja

Kabla hujamwona Mama Mashine ulikuwa unamsikia. Ukishuka kwenye bodaboda pale kijijini Ngulyati, kitu cha kwanza ni mngurumo wa mashine ya kusaga, na juu ya mngurumo huo ni sauti ya mwanamke inayomwambia mtu fulani arudi nyuma kwenye foleni. Alikuwa ameshindana na ile mashine miaka mingi mno, kiasi kwamba hata ikizimwa hakumbuki kushusha sauti. Kanisani alisali kwa sauti ya kusagia. Msibani alimpa pole mfiwa, wakaitikia watu wa nyumba ya tatu. Ajabu ilikuwa kwenye simu. Simu akiiweka sikioni alinong'ona, eti kwa sababu unayeongea naye yuko ndani ya sikio, sasa umpigie kelele ya nini?

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya umeme. Nilikuwa na steshenari Bariadi mjini, kazi yangu kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na nilikuwa kijana wa kujiona. Nilikuwa nimejifunza mtandaoni uchimbaji wa sarafu za kidijitali, nikanunua mashine nne, nikazifunga chumbani kwangu. Mwenye nyumba alivumilia kelele na joto lake siku tisa. Ya kumi akanitoa. Ndipo mteja mmoja akaniambia kuna mama Ngulyati ana umeme wa fezi tatu, na nyuma ya kinu chake kuna stoo tupu iliyokuwa ya mbegu za pamba.

Nilikwenda nimechomekea shati. Nilimweleza habari za teknolojia kwa dakika kumi nzima, maneno makubwa makubwa, naye ananisikiliza huku anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilipomaliza aliuliza, "Zinapiga kelele?"

"Kidogo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Kuliko yangu?"

"Hapana."

"Basi zilete."

Nikafunga luku yangu, nikaziweka. Tatizo likawa vumbi la unga, maana mashine zangu zilikuwa na feni za kuvuta hewa, na pale hewa yenyewe ni dona. Mama Mashine ndiye aliyetoa dawa. Alinipa kitenge chake kilichochakaa nikitundike mbele ya feni, kila Jumamosi nikikung'ute. Nimesoma vitabu vya kompyuta vingi, na hakuna hata kimoja kilichotaja kitenge. Tangu siku hiyo akawa ananiita "baba wa feni", na jina likanishika kijiji kizima.

Niseme sasa jambo lililomfanya awe yeye. Kwenye kinu chake kulikuwa na sheria moja tu: debe moja kwa zamu. Ukija na debe, unasaga, unakwenda. Ukija na gunia la madebe sita, unasaga debe la kwanza, halafu unarudi mwisho wa foleni na la pili, na hivyo hivyo mpaka umalize. Hakujali wewe ni nani. Diwani alizunguka mara tatu, na mchungaji wake mwenyewe mara mbili, akiwa na suti.

Sheria hiyo ilitokana na siku moja huko Lalago, alipokuwa mama mdogo mwenye mtoto mgongoni. Alifika kwenye kinu cha watu asubuhi na debe lake moja, akawakuta wenye magunia wametangulia. Kila gunia lilipokwisha lilikuja lingine. Alisimama hapo mpaka jua likaelekea kuzama, mtoto amelia mpaka amenyamaza mwenyewe. Aliniambia, "Baba, sikuchukia mtu. Niliapa tu kwamba nikipata mashine, aliye nyuma hatanisubiri hivyo." Alipoipata, akatimiza. Alipolisimulia hilo hakulia hata kidogo, alikuwa anafunga mkanda wa mashine.

Sasa usije ukadhani nakuchorea malaika. Mwanamke huyu asiyekubali mtu apenyeze hata kikombe cha mahindi mbele ya mwenzake alikuwa mwizi wa drafti. Tulicheza kwa vizibo vya soda juu ya mfuko wa saruji, na ukigeuka kupiga chafya tu, kizibo chako kimehama. Ukimshika anakuapia kwamba mtetemo wa mashine ndio umekisogeza. Mashine yenyewe imezimwa! Alikuwa pia hapendi kusifiwa, ukimsifia anakwambia uondoke, lakini ukutani kwake alikuwa ametundika picha yake mwenyewe kubwa kuliko dirisha, amevaa gauni la kitenge, ameshika spana.

Na salamu zake zilikuwa kazi nyingine. Kila asubuhi alipita kwenye foleni mtu kwa mtu, mwangaluka mayu, mwangaluka baba, mmelalaje, ng'ombe hawajambo, mtoto kikohozi kimepona. Foleni ikiwa na watu thelathini, kinu kinachelewa kuwashwa nusu saa. Niliwahi kumwambia angewasalimu wote kwa mkupuo. Aliniangalia kama mtu aliyemwambia ale ugali wote kwa tonge moja.

Siku aliyoniuliza hasa ninachofanya kule stoo, foleni ilikuwa imefika kwenye mwarobaini. Nikamwambia, mayu, kuna watu duniani wanatumiana sarafu zisizoshikika kwa mkono. Kila baada ya muda, habari za nani amemtumia nani zinafungwa kwenye mzigo mmoja, tunauita bloku. Mashine zote zinashindana kubahatisha namba. Atakayeipata kwanza ndiye anayefunga mzigo huo, na anapewa sarafu mpya kwa kazi yake. Halafu wote wanaanza upya.

"Zamu ya bahati," akasema. "Na huo mzigo, ukubwa wake mwisho wapi?"

Nilishangaa, maana hilo ndilo swali linalowagombanisha watu wa fani yangu, na wengi hulifikia baada ya miezi ya kusoma. Nikamwambia upo mwisho, kuna kikomo.

"Kaweka nani?"

"Kwenye sarafu yangu mimi, wachimbaji wenyewe wanapiga kura."

Akazima mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiizima ikiwa na mahindi mdomoni, na watu wa foleni wakadhani kuna aliyekatwa kidole. Akakaa juu ya ndoo, akasema nieleze taratibu. Nikaeleza. Kila anayefanikiwa kufunga bloku anaweka alama ndogo ndani yake: ongeza, punguza, au baki. Alama za bloku nyingi zilizopita zinahesabiwa. Robo tatu wakisema ongeza, kikomo kinapanda hatua moja ndogo. Wasipofika, kinabaki.

"Hakuna mkutano?"

"Hakuna."

"Hakuna mwenyekiti?"

"Hakuna, mayu."

"Wala posho ya kikao?"

"Wala posho."

"Hao watu wana akili," akasema, halafu akakunja uso. "Ila mwenye mashine nyingi anafunga mizigo mingi. Kwa hiyo mwenye magunia ndiye mwenye kura."

Nikajitetea kwamba mwenye mashine nyingi amechoma umeme mwingi, ana haki yake. Akanijibu kwa ile sauti yake, "Na mwenye debe amechoma miguu!" Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa sijakubali.

Kilichomkera zaidi ni kugundua kwamba mimi mwenyewe sipigi kura. Nilikuwa kwenye kikundi, kama wachimbaji wadogo wengi, tunaunganisha nguvu na kugawana kinachopatikana. Alama kwenye bloku anaiweka msimamizi wa kikundi. "Anaitwa nani?" akauliza. Sijui. "Anakaa wapi?" Sijui. "Umeme wako, feni zako, kitenge changu, halafu kura anapiga mtu usiyemjua?" Alinisema siku tatu mfululizo, mbele za wateja. Ya nne nikajitoa kwenye kikundi nikachimba peke yangu, na hesabu nilikuwa naijua: kwa mashine nne naweza kukaa miezi bila kupata kitu.

Kabla ya kuweka alama tulishauriana. Nilimwambia bloku zikiwa kubwa zinabeba watu wengi zaidi, hakuna anayesubiri sana kutumiwa sarafu yake. Lakini mzigo mkubwa unachelewa kumfikia mwenye intaneti mbovu, na akichelewa kuupata anakuwa anashindania namba ambayo wenzake wameshaiacha.

"Mwenye intaneti mbovu kuliko wote ni nani?"

Nikaangalia simu yangu, mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. "Nadhani ni sisi."

"Basi sisi ndio wa nyuma. Weka baki."

Nikaweka baki. Kwa kuwa bloku ina nafasi ya maneno machache ya mfungaji, alitaka yaandikwe NGULYATI, kwa herufi kubwa, wajue tumetoka wapi.

Tukasubiri. Nilikula hasara miezi mitano na kila asubuhi baada ya salamu za foleni alichungulia stoo akauliza, "Feni zimepata?" Hazijapata. "Zitapata." Jumanne moja asubuhi, anagombana na mtu aliyekuja na debe lililobinuliwa likawa kubwa kuliko debe, nikaona kwenye kompyuta. Tumefunga bloku. Ya kwetu, yenye alama yetu na jina letu. Nilitoka nje mbio nikinyoosha kidole stoo. Alielewa. Akapiga kigelegele kilichoizidi mashine, na wanawake wa foleni wakapokea bila kujua kisa, raundi tatu nzima, ndipo mmoja akauliza nani amejifungua.

Kura ile tulishindwa. Wengi walisema ongeza, kikomo kikapanda hatua yake. Nilidhani atanuna. Akasema tu, "Walituhesabu?" Nikamwambia ndiyo, tumo. "Basi vizuri," akarudi kusaga.

Nilidhani yameishia hapo, kumbe nilikuwa nimempa jembe mkononi. Msimu uliofuata alikuja mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapeleka unga Lamadi kwa watu wa samaki. Tulimwita Mwenye Magunia, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa mcheshi, kila safari analeta dagaa wa kugawa. Akaomba kikomo kipande, iwe gunia kwa zamu. Wateja wengine wakubwa wakamuunga mkono. Zamani Mama Mashine angemfukuza. Safari hii akasema, "Tupige kura, kama watu wa feni."

Kikomo kile ndicho kilichokuwa kiapo chake, na sasa anakiweka mezani. Nikamwambia mayu, unaweza kushindwa. Akanijibu kwamba sheria inayoogopa kuulizwa si sheria, ni ukali tu.

Akatoboa kifuniko cha kopo la maziwa, akaliweka kando ya mashine, na vibakuli viwili, kimoja cha dengu, kimoja cha choroko. Kila mzigo ukisagwa, mwenye mzigo anachukua punje moja anaitumbukiza. Dengu maana yake ongeza, choroko maana yake baki. Wiki moja, robo tatu wakitaka dengu, sheria inabadilika. Mzigo mmoja, punje moja, kama bloku kabisa.

Jumatatu na Jumanne Mwenye Magunia alizunguka na vibarua wake, debe baada ya debe, kila debe dengu. Jumatano ukilitikisa kopo unasikia dengu tupu. Siku hiyo kwenye drafti Mama Mashine hakuiba hata kizibo kimoja, na hapo nilijua ana hofu.

Alhamisi wanawake wakaja na visado.

Sijui nani alianza. Sheria ilisema mzigo usizidi debe, hakuna aliyesema usipungue. Debe moja ni visado vitano, visado vitano ni mizigo mitano, mizigo mitano ni choroko tano. Foleni ilipita mwarobaini, ikapita duka la dawa, ikafika barabarani, madereva wa malori wanasimama kuuliza kuna nini. Bibi mmoja alileta mahindi kwenye sahani, akasaga unga wa kujaza kiganja, akaweka choroko yake kwa heshima zote, akarudi mwisho wa foleni na sahani nyingine. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka nikisema moyoni kwamba kuna wataalamu wanalipwa vizuri kutafuta mwanya wa namna hii, na hapa umepatikana kwa sahani.

Jumamosi tulihesabu hadharani, juu ya mkeka. Choroko zilikuwa nyingi kidogo kuliko dengu. Dengu hazikukaribia robo tatu, kikomo kikabaki. Mwenye Magunia akampa mkono, "Mama, visado vimenishinda."

"Hujashindwa. Hujatosha," akamwambia, na wote wakapiga makofi.

Lakini watu walipoondoka nilimkuta amekaa kwenye ndoo yake, na ndiyo siku pekee niliyomsikia akisema kwa sauti ya chini bila simu. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, mtoto mgongoni, akizunguka na visado ili kukilinda kikomo. "Nimemsimamisha kutwa," akasema. "Mimi mwenyewe. Kwa kuhesabu mzigo badala ya mtu." Niliumia kumwona vile, nikajaribu kumwambia kwamba hata wachimbaji wa dunia nzima hawajapata jibu la hilo. Haikumsaidia.

Jumatatu alikuwa na sheria mpya. Kopo litabaki pale siku zote. Mtu mmoja, punje moja kwa siku, aje na sahani au aje na lori. Mwisho wa mwezi kuhesabu. Kikomo kikipanda kipande debe moja tu, si kuruka mpaka gunia. Na mwenye mashine hapigi kura. Nikamuuliza, je, Mwenye Magunia akileta vibarua kumi, kila mmoja na dengu yake? Akasema, "Hao vibarua mama zao wako kwenye foleni." Na kweli, vibarua walichukua punje zao wakimwangalia mama fulani kwenye mstari, wakaweka choroko.

Miaka ikaenda. Kila mwisho wa mwezi walihesabu, na kila mara kikomo kilibaki debe moja. Zile mashine zangu zilizeeka, nikaziuza, steshenari nikamwachia mdogo wangu, nikahamia Mwanza kwenye kazi ya mshahara. Kitenge nilikirudisha nimekifua. Alikikataa, akasema nikae nacho, kina jasho langu.

Mwaka huu baada ya mavuno nimepita Ngulyati. Niliposhuka kwenye bodaboda nilisikia mashine, ila sauti haikuwepo. Nikaharakisha. Aliyekuwa anasaga ni binti yake, na kando yake iko mashine ya pili, mpya, inaunguruma pia. Sikuthubutu kuuliza moja kwa moja. Nikasalimia mwadila, nikasema mama je. Binti akainua kidevu, "Yule pale, kwenye foleni."

Alikuwa wa sita. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, debe lake pembeni, magoti yamefungwa kitenge. Kinu amemkabidhi binti, na sasa anakuja kusaga kama mtu mwingine yeyote. Binti alipomwita apite mbele kwa sababu ya mgeni, nikaipata ile sauti yote, haijapungua: "Zamu ni zamu!" Nilimkumbatia foleni ikitutazama, na sioni aibu kusema macho yangu yalilowa.

Nikasimama naye. Nikatoa simu nikamwonyesha bloku yetu, bado ipo, haifutiki, alama ya baki na neno NGULYATI. Akaisoma herufi moja moja kwa kidole. Akamwita wa mbele yake asome, na wa mbele yake. Kisha akanikumbusha kwamba nilikuwa sijui drafti.

"Mayu," nikamwambia, "kwa kuwa huna mashine tena, sasa unapiga kura."

"Leo ndiyo ya kwanza," akasema, na akajinyoosha mgongo.

Zamu yake ikafika. Debe likasagwa. Akasogea kwenye kopo, mkono ukapita juu ya choroko, ukaingia kwenye dengu, akachukua punje moja akaitumbukiza. Nilidhani macho yamemdanganya. Nikamwinamia, "Mayu, hiyo ni dengu."

"Naijua dengu tangu hujazaliwa. Kikomo nilikiweka kwa ajili ya aliye nyuma yangu, baba. Geuka umwone."

Nikageuka. Nyuma yake alikuwa dada mmoja wa ng'ambo ya mto, mtoto amelala mgongoni, baiskeli yenye madebe mawili, moja lake na moja la mama mkwe. Alikuwa anafungua debe la kwanza, na la pili ameliacha limefungwa kwenye keria, kwa kuwa alijua atarudi nalo mwisho wa foleni. Na mashine sasa zilikuwa mbili.

Mwisho wa mwezi nikiwa Mwanza, simu ya binti ikaita. Wamehesabu, akasema, dengu zimefika robo tatu na kupita, watu wengi waliweka baada ya kumwona mama. Halafu simu ikahama mkono, na ile sauti inayosikika mpaka barabarani ikaninong'oneza sikioni.

"Baba wa feni, ni debe mbili sasa. Yule wa baiskeli amekuja leo, amesaga zote kwa zamu moja, amekwenda zake. Hata mtoto hajaamka."